Rangi ya Kweli ya Gari la Vita

Aliyejaliwa kupata gari kuukuu la jeshi, liwe ni Jeep iliyosalia tangu Vita Vikuu vya Pili, au lori la Bedford, au Land Rover iliyouzwa kwa mnada baada ya kumaliza utumishi wake kambini, aghalabu hushughulikia injini kwanza, halafu breki, halafu magurudumu na nyaya za taa, na suala la rangi huliweka mwisho, akidhani ni kazi ya siku moja. Huenda dukani akaagiza debe la kijani cha jeshi, akapewa, na jioni gari likawa limekwisha kupulizwa. Kwa kazi hiyo ya siku moja huweza kupotea jambo ambalo injini mpya na breki mpya haziwezi kulifidia, kwa kuwa bati lililoliwa na kutu huungwa, na chuma kilichopinda hunyoshwa, lakini rangi ya asili iliyokwanguliwa yote hadi chini haina wa kuirudisha, na pamoja nayo huondoka habari za gari hilo ambazo pengine hazikuandikwa katika daftari lolote.

Neno langu katika makala haya ni kwamba haijapata kuwako rangi moja iitwayo kijani cha jeshi. Zilizokuwako ni rangi nyingi, kila moja na mwaka wake, na amri yake, na kiwanda chake, na mara nyingi uhaba uliosababisha ichaguliwe badala ya nyingine. Na anayetaka kulirudishia gari la kale sura yake ya haki yampasa aitafute rangi hiyo katika mwili wa gari lenyewe kabla ya kuitafuta katika debe, au katika kitabu, au katika picha.

Tuanze na Uingereza, maana magari ya jeshi lake tumeyazoea sana huku Afrika Mashariki. Vita vilipozuka mwaka 1939, magari ya jeshi hilo yalikuwa yakipigwa kijani cha kaki kilichojulikana kwa namba 3. Kijani hicho kilihitaji oksidi ya kromi, ambayo wakati wa vita ilikuwa haba na yenye kugombewa na rangi za ndege; basi kuelekea mwisho wa mwaka 1941 ikatoka amri kwamba magari ya nchi kavu yapigwe kahawia, iliyoandikwa kwa alama ya SCC 2, ambayo haikudai madini hayo. Kwa muda wa zaidi ya miaka miwili, malori, pikipiki na vifaru vilivyokuwa vikitoka katika viwanda vya Uingereza vilikuwa vya kahawia, ijapokuwa leo, katika maonyesho ya magari ya kale, ni kawaida kukuta gari la mwaka 1942 limepigwa kijani cha kuvutia macho, na mwenyewe akasimama kando yake kwa fahari, bila ya kujua kwamba dereva wa mwaka ule asingalilitambua.

Mwaka 1944 mambo yakageuka tena. Waingereza walikuwa wakipokea magari kwa maelfu kutoka Marekani, yote yakiwa na rangi ya zeituni, na kila gari lililopigwa upya lilikula rangi, saa na nguvu za watu katika wakati ambao vyote vitatu vilikuwa adimu. Kwa hiyo wao wenyewe wakaiacha kahawia yao wakachukua zeituni ya namna yao, SCC 15, ili magari ya mataifa hayo mawili yapate kufanana bila ya gharama. Magari yaliyokwisha kupigwa kahawia hayakuamriwa kupigwa upya kwa sababu hiyo tu, bali yaliachwa mpaka haja ya kupigwa rangi ifike yenyewe. Ndiyo maana majeshi yaliyovuka bahari kwenda Normandy mwezi wa Juni mwaka ule yalikuwa na kahawia na zeituni katika msafara mmoja. Vita vilipokwisha, jeshi likarudia kijani kilichoiva sana, chenye mng'aro, kikaribiacho weusi, ambacho wengi wetu tunakifahamu kwa Land Rover za zamani. Na miaka ya baadaye mng'aro huo nao ukaondolewa.

Hebu sasa fikiri lori moja lililoundwa mwaka 1940, likapona vita, likatumika hadi miaka ya hamsini. Laweza kubeba kijani cha kaki, juu yake kahawia, juu yake zeituni, na juu ya zote kijani kilichoiva. Anayeuliza rangi ya asili ya lori hilo ni ipi, ameuliza swali lenye majibu manne, na yote manne ni ya kweli, kila moja kwa miaka yake.

Kwa upande wa Marekani watu hudhani kwamba mambo ni mepesi zaidi, kwa kuwa zeituni ilikuwa moja na Jeep ilikuwa moja. Lakini Jeep zilizoundwa na Willys na Ford kati ya mwaka 1941 na 1945 zilipita 600,000, na rangi yake ilinunuliwa kwa wachuuzi mbalimbali waliopewa kielelezo kimoja na ruhusa ya kutofautiana nacho kwa kiasi kidogo. Kiasi hicho kidogo, kikizidishwa kwa wachuuzi wengi na miaka kadhaa, kikaongezewa tofauti ya mkono wa mpulizaji na ya joto la karakana, kilizaa zeituni nyingi: moja imeelekea kahawia, nyingine imeelekea kijani, nyingine imeiva hata ikakaribia nyeusi. Wala asishangae msomaji nikisema kwamba zeituni haihitaji kijani hata tone moja. Chukua manjano ya udongo, uitie nyeusi kidogo kidogo, nayo itaanza kugeuka mbele ya macho yako kuwa kijani chenye huzuni kile kile cha jeshi. Fundi aliyelijua jambo hili huacha kuhangaika kutafuta kijani cha kutilia, na huanza mahali panapostahili, yaani katika manjano.

Wajerumani walikuwa na mpango wa namna nyingine. Chombo chao cha kusimamia rangi, RAL, kiliundwa mwaka 1925, na mwaka 1927 kikatoa rangi 40 za kwanza. Na magari yao ya kijivu kilichoiva ndiyo yaliyoonekana katika miaka ya mwanzo ya vita. Mwezi wa Februari mwaka 1943 viwanda viliamriwa kutumia manjano iliyofifia waliyoiita Dunkelgelb, na vikosi vikapewa mikebe ya rangi nzito ya kijani na ya kahawia, ya kuzimuliwa na kupakwa na askari wenyewe juu ya ile manjano kwa kadiri ya mahali walipo. Askari mwenye maji aliizimua kwa maji, na asiyekuwa nayo aliizimua kwa petroli. Mwenye pampu alipuliza, na asiyekuwa nayo alipaka kwa brashi au kwa chochote kilichokuwa karibu. Mtu anayesema leo kwamba anajua kwa yakini kijani cha kifaru fulani cha Kijerumani kilikuwa hivi na si vile, wakati hakuna kipande cha chuma chake mkononi, amesema zaidi ya awezavyo kujua.

Kisa cha Caunter chafaa kuelezwa kwa kirefu zaidi, kwani sijui kingine kinachoonyesha vizuri kama hicho jinsi kosa la rangi linavyosafiri. Mwaka 1940, katika majangwa ya Misri na Libya, vifaru na magari ya deraya ya Waingereza yalipigwa rangi tatu kwa mapande mapana yenye kingo zilizonyoka, yakakatana kwa pembe kali, ili jicho la adui lishindwe kutambua umbo la chombo na upande kinakoelekea; na mpango huo ukajulikana kwa jina la Brigedia Caunter. Rangi moja ilikuwa ya jiwe lililofifia, nyingine kijivu kizito, na ile ya kati, iliyoorodheshwa kwa namba 28 kama kijivu cha fedha, kwa hakika ilikuwa kijivu chenye kuelekea kijani. Mpango wenyewe haukudumu. Mwaka 1941 ulipokuwa ukimalizika ulikwisha kuachwa. Miaka mingi baada ya vita, kifaru cha namna ya Matilda kilichohifadhiwa makumbushoni kikapigwa upya, na mahali pa kijivu kile pakatiwa samawati nyepesi.

Watu wakaja, wakakitazama, wakakipiga picha, wakaamini. Na kwa nini wasiamini, maadamu makumbusho ni mahali mtu anapokwenda kuulizia ukweli? Wachoraji wa vitabu wakaitia samawati katika michoro yao, viwanda vikatengeneza videbe vya samawati kwa wanaounda vifaru vidogo vya mfano, na waliokuwa na magari halisi wakavitazama vitabu na vifaru vya mfano wakayapiga magari yao samawati, na kila kimoja kikawa ushahidi wa kingine. Ikachukua miongo ya miaka kabla ya watafiti wenye subira kurejea kwenye kadi za rangi za miaka ya 1930 na kuonyesha namba 28 ilikuwa ipi. Hata leo samawati hiyo haijaisha kuonekana. Mkono wa mtu mmoja mwenye brashi ulitosha kuipotosha tarihi kwa kizazi kizima, na hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Alikosa tu kipande cha rangi ya asili cha kulinganisha.

Msomaji ataniuliza, picha za wakati ule zina faida gani basi? Zina faida kubwa kwa alama, namba, mahali pa vifaa na mapande ya rangi yalivyokatana, lakini kwa rangi zenyewe ni mashahidi dhaifu. Askari wetu wa King's African Rifles (KAR) waliotoka Kenya mapema mwaka 1941 pamoja na majeshi mengine, wakapita Somalia na kuingia Addis Ababa tarehe 6 Aprili, waliyaona kwa macho yao magari ya deraya ya Marmon-Herrington yaliyoundwa Afrika Kusini, na picha za safari ile zipo. Lakini nyingi ni za nyeusi na nyeupe, na katika picha ya namna hiyo kijani, kahawia na manjano iliyoiva huweza kuwa kijivu kimoja. Iko hata rangi inayotoweka kabisa: namba za usajili katika Jeep na malori ya mwanzo ya Marekani zilipigwa buluu iliyofifia juu ya zeituni, na katika picha nyingi karibu hazionekani, hata wengine wakaamua kwamba magari yale hayakuwa na namba. Picha za rangi nazo zimechujuka kila moja kwa namna yake, isipokuwa zile za filamu ya Kodachrome ambazo zimestahimili vizuri zaidi, na hata hizo zilipigwa ama chini ya jua kali ama jioni, na kila saa ina rangi yake.

Imebaki kwenda kwa gari lenyewe, na hapa nitataja mambo kwa utaratibu wa mikono. Rangi iliyokaa nje hupauka kama kanga iliyoanikwa juani mwaka hadi mwaka, ambayo sura yake ya dukani husalia katika upindo tu. Basi kazi ya kwanza ni kuutafuta upindo wa gari. Uko nyuma ya kibao cha shaba kilichofungwa katika dashibodi, chini ya mabano ya viti, ndani ya sanduku la vifaa, nyuma ya taa za mbele, chini ya raba ya kioo. Skrubu za kibao hicho zitiwe mafuta usiku uliotangulia, zifunguliwe kwa bisibisi inayozijaa, bila haraka, kwa sababu skrubu ikikatika kichwa itadai kekee, na kekee ikiteleza itachimba pale pale unapotaka kupahifadhi. Kibao kikitoka, utaona chini yake mstatili wa rangi usiofanana na bati linalouzunguka, aghalabu uliokoza zaidi na wenye ngozi nzima, pengine na alama ya brashi au tone la rangi lililoganda ukingoni tangu siku ile kibao kilipofungwa. Huo ndio ushahidi wa kwanza, na uandikwe na kupigwa picha kabla ya kuguswa.

Kisha tafuta mahali bapa pasipoonekana, kama upande wa ndani wa mlango au wa sanduku la nyuma. Chukua kipande kidogo cha msasa laini, wa namba 600 halafu wa namba 1000, ukiwa umelowa, uzungushe kwa ncha ya kidole mahali pamoja mpaka bati lionekane katikati kwa ukubwa wa senti moja. Osha kwa maji safi, kausha, inama karibu. Kutoka katikati kwenda nje utaona duara ndani ya duara: bati jeupe, halafu praima ambayo mara nyingi ni nyekundu ya kutu au kijivu, halafu rangi ya kiwandani, halafu zilizofuata, mpaka kijani cha dukani alichopuliza mwenyeji aliyekutangulia. Tazama kwa kioo cha kukuzia uzito wa kila tabaka na mpaka wake. Ukiona mstari mwembamba wa vumbi au uchafu kati ya tabaka mbili, jua kwamba gari lilifanya kazi muda mrefu kabla ya kupigwa tena; usipouona, huenda zilipigwa karibu karibu, au ya chini ilikuwa ni ya kuandalia tu. Mimi nimeitazama duara ya namna hii mlangoni mwa Land Rover ya kale, nikaona chini ya kijani mbili za kawaida tabaka nyembamba ya rangi ya mchanga ambayo hakuna mtu katika ukoo wa mwenye gari aliyeikumbuka, nikafahamu kwamba gari lile limewahi kuishi au kuandaliwa kuishi jangwani. Msasa wa mashine ungaliiondoa kwa dakika mbili, na hakuna mtu angalijua kwamba iliwahi kuwako.

Yapo mawili ya kujihadhari nayo katika kuisoma rangi iliyofichika. La kwanza ni kwamba rangi za zamani zilisagwa katika mafuta ya kitani na mafuta ya jamii yake, na mafuta hayo yakikaa gizani hugeuka manjano. Kwa hiyo kipande kilichokuwa nyuma ya kibao miaka themanini chaweza kuwa cha manjano zaidi kuliko kilivyotoka kiwandani. Kiache wazi katika mwanga wa mchana, si katika jua kali, kwa wiki kadhaa, nayo manjano hiyo ya gizani itapungua. La pili ni kwamba rangi kavu iliyokwanguliwa huonekana nyeupe kuliko ilivyo kwa sababu ya mikwaruzo. Tone la maji au la mafuta safi juu yake hurudisha ukolezo, na hapo ndipo pa kulinganishia.

Sasa kuna kadi za rangi na namba zake, na hapa wengi huteleza. Marekani ilitoa mwaka 1956 kiwango kiitwacho Federal Standard 595, ambamo kila rangi ina tarakimu tano, na tarakimu ya kwanza hueleza mng'aro: moja ni ya kung'aa, mbili ni ya wastani, tatu ni isiyong'aa kabisa. Ni kitabu kizuri na fundi atafaidika nacho. Lakini anayekwenda dukani kuomba namba 34087 kwa Jeep ya mwaka 1943, ameomba namba iliyozaliwa miaka kumi na zaidi baada ya Jeep hiyo kutoka kiwandani. Fauka ya hayo, kipande cha rangi chenye namba hiyo hakikubaki kile kile katika chapa zote za kitabu, na madebe mawili yenye namba moja yaweza kukataana vibaya. Namba ni msaada wa kumweleza muuza rangi unachotaka, haiwi ushahidi wa kilichokuwako. Vivyo hivyo mashine ya spektrofotomita, ambayo maduka makubwa ya rangi yanayo siku hizi, itakusomea kipande chako kwa usahihi usiopatikana kwa jicho, lakini itakisoma kilivyo leo, pamoja na upaukaji wake wote. Ukiipa bati lililochomwa na jua la Dodoma, itakutengenezea kwa uaminifu mkubwa rangi ya bati lililochomwa na jua la Dodoma.

Katika kuchanganya, fundi mwenye jicho bado ana heshima yake. Anaanza na manjano na nyeusi, akiongeza nyekundu ya udongo ikihitajika kahawia, na nyeupe kwa uangalifu mkubwa, maana nyeupe ikizidi huua rangi; hupaka kidogo juu ya kipande cha bati kilichotiwa praima ile ile itakayotumika, hungoja kikauke, ndipo alinganishe, kwa sababu rangi mbichi na rangi kavu si moja. Kulinganisha kufanywe nje, kivulini, mchana, na kurudiwe asubuhi na jioni. Rangi mbili zilizokubaliana chini ya taa ya gereji zaweza kuachana waziwazi zikitoka barazani, kwa kuwa chembe zilizomo si zile zile ingawa jicho limedanganyika kwa muda.

Nami nashikilia kwamba kosa la mng'aro ni baya kuliko kosa la rangi. Gari la vita la mwaka 1943 halikung'aa. Kioo na bodi inayong'aa vilionekana na ndege za adui kutoka mbali, kwa hiyo wakati wa vita rangi ya jeshi la Marekani iliagizwa isiwe na mng'aro wowote, na baada ya vita ikarejeshewa mng'aro wa wastani. Chukua zeituni moja, uifanye isiyong'aa na yenye kung'aa, na watazamaji watakwambia ni rangi mbili, kwa sababu uso usiong'aa huutawanya mwanga na kuonekana mweupe kidogo, na uso unaong'aa huonekana umekoza. Unga unaoondoa mng'aro hutuama chini ya debe, basi lisipokorogwa vizuri, na tena kila baada ya muda katika kazi, mlango wa kwanza utang'aa na wa mwisho utakuwa kama chokaa. Thina ikizidi huleta madhara ya namna hiyo hiyo. Wenye magari hupenda kumalizia kwa vanishi ya kung'aa ili kazi ionekane safi. Usafi huo huligeuza gari la vita kuwa la arusi.

Wala isidhaniwe kwamba rangi ya ajabu ni rangi ya uongo. Mwaka 1968 jeshi la Uingereza liliagiza Land Rover 72 za masafa marefu kwa kikosi chake cha SAS, zilizoandaliwa na Marshall wa Cambridge kwa ajili ya nchi za jangwa, na zikaja kujulikana kwa rangi yao ya waridi, kwa sababu mchanga na ukungu wa jangwa alfajiri na magharibi huwa na wekundu unaoimeza rangi hiyo. Mtu angaliikuta Land Rover moja kati ya hizo shambani, akaikwangua akaona waridi, angaliweza kudhani ni mchezo wa mwenyeji fulani, akaifunika kwa kijani cha debe.

Kabla ya kuchagua, mwenye gari ajue pia yanayohusu afya na sheria. Rangi za zamani zina risasi na kromati, vitu vyenye sumu; zisisuguliwe kavu, zilowanishwe, barakoa ya kufaa ivaliwe, watoto wawekwe mbali, na tope la msasa lisimwagwe mferejini. Rangi za kisasa za kuchanganya na dawa ya kukausha zina isosayaneti, ambazo huleta pumu isiyopona kwa mpulizaji asiye na kinga, na vitambaa vya kujifunga puani si kinga. Kuhusu sheria, rangi ya gari huandikwa katika kadi yake, na nchi zetu zina makatazo juu ya mavazi na alama za jeshi mikononi mwa raia. Aulize kwa mamlaka husika kabla ya kupuliza, asije akaulizwa barabarani.

Katika kuchagua tabaka ipi irudishwe, wako wanaosema iwe ya kiwandani daima. Siungi mkono kauli hiyo moja kwa moja. Gari lililotoka kiwandani kwa kahawia, likafanya kazi yake yote ya maana likiwa zeituni, lina haki ya kuonekana kwa zeituni, ila tu alama, namba, taa na vifaa vyote viwe vya miaka ile ile ya zeituni. Lisilo haki ni kuchanganya rangi ya mwaka mmoja na namba za mwaka mwingine kwa sababu zinapendeza. Na ikiwa rangi ya kale imesalia kwa sehemu kubwa, hata kama imepauka na kuchunika, naona afadhali gari lioshwe, kutu isimamishwe, na rangi iachwe ilivyo. Magari yaliyopigwa upya ni mengi, na kila mwaka yanaongezeka. Yenye rangi yake ya kwanza yanapungua, na hakuna kiwanda kitakachotoa jingine.

Kwa wenye magari haya, na kwa mafundi wa rangi wa Arusha, Nairobi, Mombasa, Kampala na kwingineko wanaoletewa kazi hii, ninalo ombi moja. Msikwangue gari zima. Acheni mahali pasipoonekana, nyuma ya kibao au ndani ya sanduku la vifaa, kipande cha upana wa kiganja chenye tabaka zake zote kama mlivyozikuta, kifunikeni wakati wa kupuliza, na andikeni katika karatasi tarehe, rangi mliyoitumia, kiwanda chake na vipimo mlivyochanganya, karatasi hiyo iwekwe pamoja na kadi ya gari.